Mlango wa Mvule

Mwaka juzi mchwa waliumaliza mlango wangu wa mbele. Ulikuwa wa paini, umepakwa rangi ya kahawia ili ufanane na mbao ya maana, na kwa miaka kadhaa ulitudanganya mimi na wageni wangu. Siku moja nikauvuta niufunge, kitasa kikabaki kiganjani na kipande cha ubao bado kimekishikilia. Nikaenda kwa fundi seremala hapa hapa Tanga mjini. Akanisikiliza, akafuta tupa yake kwenye suruali, akauliza, "Unataka mlango wako au wa wajukuu?"

Nikasema wa wajukuu, ingawa sina.

"Basi mvule."

Akanionyesha mbao tatu zilizoegemezwa ukutani, nzito, za rangi ya asali iliyokaa. Nikauliza zimetoka wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama wa kuku.

"Kongo."

"Mkongo?" Nilidhani ananibadilishia mti. Mkongo nao ni mbao ngumu, unatoka huko Lindi na Ruvuma.

"Siyo mkongo, bwana. Kongo. Kongo ya Wakongo."

Kuleta mvule Tanga kutoka Kongo ni sawa na kupeleka karafuu Pemba. Asubuhi isiyo na ukungu, ukisimama mahali palipoinuka hapa mjini ukatazama magharibi, unaiona milima ya Usambara Mashariki. Mimi ni mtoto wa huko, upande wa Muheza. Miguuni mwa milima ile mvule ulikuwa mti wa kawaida, na kaka yake mama yangu alisomesha watoto kwa mbao za msitu ule. Nikarudi nyumbani bila kutoa kishanzu, yaani malipo ya mwanzo, cha mlango, nikampigia mjomba simu. Akacheka sana. "Kongo!" akasema. "Kumbe wamefika na huko."

Mjomba sasa amepita miaka sabini. Alikuwa mpasuaji mbao. Watu wa siku hizi wakisikia kupasua mbao wanafikiria mashine; yeye alipasua kwa shimo. Gogo la mti mkubwa halitoki msituni kwa nguvu za watu wawili, kwa hiyo shimo ndilo linalolifuata gogo. Wanachimba kwenye mteremko, kina cha mtu kusimama, wanalaza miti miwili juu yake, kisha gogo linabingirishwa kwa miti mpaka likae hapo. Uzi unachovywa kwenye maji yaliyokorogwa na unga mweusi wa betri kuukuu, unanyooshwa ncha hadi ncha, unafyatuliwa, na mstari unabaki. Mmoja anapanda juu, mwenzake anashuka shimoni, msumeno mrefu kuliko mtu unaanza kupanda na kushuka. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anavuta, na vumbi lote ni lake: la machoni, la puani, la shingoni. Mjomba alikuwa wa chini kwa miaka sita kabla ya kupandishwa. Mpaka leo akikaa barazani huinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kimwangukie.

Nilimuuliza kama walikuwa na leseni. "Mara nyingine," akasema. Bwana misitu akija na nyundo yake, mbao zinagongwa alama na kushuka mchana barabarani. Asipokuja, zinashuka usiku vichwani mwa vijana, mbili kwa sita za futi kumi na mbili, mbichi, zinatoa maji. Na kila mti waliouangusha, zaidi ya nusu yake ilibaki kule kule: matawi, mabanzi, vumbi, na kisiki ambacho watu wanne wangeweza kukaa juu yake wakala ugali.

Naanza na mjomba kwa sababu nimechoka kusoma habari za misitu ambamo mwenye msumeno hana jina wala watoto. Lakini pia nataka niseme alikuwa anakata nini, maana yeye mwenyewe hakujua mpaka alipozeeka.

Usambara Mashariki ni kipande kimoja cha Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya ukazunguka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga milima hii unapanda, unapoa, unamwaga mvua na ukungu. Bara lilipokauka nyakati za kale na misitu mingine kurudi nyuma, hii ilibaki na unyevu wake, ikakaa mamilioni ya miaka kama visiwa. Kila kilima kikajizalia viumbe vyake: vinyonga, vyura, konokono, bundi, miti ambayo huipati popote pengine duniani. Lile ua dogo la zambarau linalowekwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku. Mtawala wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake kwao mwaka 1892, na wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia, kana kwamba lilikuwa linamsubiri. Mjomba nilipomwonyesha picha yake kwenye simu alisema, "Haya? Haya tulikuwa tunayakanyaga tukienda shimoni."

Wajerumani hao walidanganywa na msitu. Waliona miti mirefu, giza la majani mchana kweupe, wakasema ardhi inayobeba haya yote lazima ina rutuba ya ajabu. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Kahawa ikachanua miaka michache kisha ikadhoofika. Udongo wa juu kule ni mwekundu na una asidi. Chakula cha msitu kimo ndani ya msitu wenyewe, kwenye majani yanayooza na mizizi inayoyanyonya kabla mvua haijayazoa. Ukiutoa msitu umetoa na shamba. Baadaye chai ndiyo iliyokubali kukaa, kwa kuwa chai hupenda udongo wa namna hiyo, na hadi leo ukipita Kwamkoro au Bulwa unaona chai imelala kama zulia mpaka ukutani mwa msitu.

Mwaka 1902 hao hao waliofyeka walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mahali panapoitwa Amani, kule kule milimani, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia waijaribu. Na karibu wakati huo huo, kampuni ya mbao ilikuwa inajenga reli ndogo kutoka Tengeni kupanda Zigi ili magogo yashuke hadi njia kuu ya Tanga. Mkono mmoja unaandika majina ya miti, mkono mwingine unaipakia kwenye behewa. Reli haipo tena. Nyumba ya stesheni ya Zigi bado ipo, na kama umewahi kwenda kutembea Amani umeshaingia humo, kwa sababu ndimo wageni wanamopokelewa na kuelezwa habari za hifadhi.

Hii ya mikono miwili ilijirudia, na safari ya pili naijua vizuri zaidi kwa kuwa mjomba aliiona.

Baada ya Uhuru nchi ilihitaji mbao: madawati, mapaa ya shule, mataruma ya reli, plaiwudi. Katika miaka ya 1970 Finland, taifa linalojua mbao kuliko wengi, likatusaidia. Kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilipata mashine, na uvunaji wa Usambara Mashariki ukaacha kuwa wa shoka na shimo. Zikaja chenso, matrekta ya kukokota magogo, barabara zilizochimbwa kwenye miteremko ambayo mtu anaipanda kwa kushika mizizi. Mtambara, mti mnene wenye shina lililonyooka kama nguzo ya msikiti, ulikuwa mzuri kwa plaiwudi, ukaondoka kwa wingi. Mnyasa ukaondoka. Trekta likivuta gogo moja linapita juu ya miche hamsini, na mvua ikija njia ya trekta inageuka kuwa korongo. Mjomba na wenzake, ambao mpaka hapo ndio walioitwa waharibifu, walisimama pembeni na msumeno wao begani wakishangaa.

Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu wa mimea walikuwa wanapiga kelele. Mwaka 1986 na 1987 ikafanyika hesabu kubwa ya msitu ule, kwa msaada wa Finland hiyo hiyo, ili uandaliwe mpango wa kuusimamia. Mjomba anawakumbuka watu wa hesabu: walitembea kwa mistari iliyonyooka, kupanda na kushuka, wanazungushia utepe kwenye mashina, wanaandika. "Kama watu wa sensa," anasema. "Tulijua wanahesabu ili wajue cha kukata." Haikuwa dhana ya kijinga. Lakini hesabu ilipoisha ilikuwa inasema jambo jingine, na uvunaji wa msitu wa asili ukasimamishwa. Miaka ya 1990 Finland ikageuka mfadhili wa uhifadhi pale pale ilipokuwa mfadhili wa msumeno, na mwaka 1997 likatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania, hekta 8,380.

Kuna wanaosimulia hili kama aibu ya Wafini. Mimi siwalaumu sana; waliokuja na kosa lao na wakakaa mpaka wakalihesabu ni wachache. Ninacholalamikia ni kitu kingine. Msumeno na ulinzi vilitoka mfuko mmoja, ndani ya miaka kumi na tano tu, na mara zote mbili mwanakijiji aliambiwa ni kwa faida ya taifa. Mara ya kwanza aliambiwa apishe trekta. Mara ya pili aliambiwa apishe msitu. Hakuna mara aliyoulizwa.

Nilipomwambia mjomba hivyo, nikitegemea aniunge mkono, alinyamaza kidogo. "Tungeumaliza," akasema. "Usinitetee sana. Tungeumaliza wote."

Ukienda leo utadhani msitu umerudi. Umerudi, lakini tazama vizuri ni nani aliyerudi. Mahali palipovunwa pamejaa mti wenye shina jeupe, unaorefuka haraka kama kijana wa darasa la saba: Maesopsis, ambao Waganda huuita musizi. Si wa Usambara. Uliletwa Amani enzi za Wajerumani, na baadaye ukapandwa kuziba mapengo ya uvunaji kwa sababu hukua upesi. Matunda yake hupendwa na hondohondo. Ndege huyu anameza, anaruka na mlio wake wa fujo hadi upande wa pili wa bonde, anadondosha mbegu kwenye kila uwazi ambao trekta liliacha. Ndani ya msitu mzito musizi hauwezi kuota vizuri, unataka jua. Jua tuliupa sisi. Kwa hiyo kuna mahali ukitazama kutoka juu unaona kijani kimefunika, na mtu wa ofisini anaweza kuandika kwamba uoto umerejea, wakati mtambara na mnyasa haina hata mche chini yake.

Sasa iliki.

Msumeno uliponyamaza, fedha ya milimani ilikuwa iliki. Mmea huu hupenda kivuli na ukungu, na soko lake halikosi. Waarabu hawanywi kahawa bila iliki, na gunia la iliki kavu linabebwa kichwani kwenye njia ambayo gari halifiki. Mkulima alikuwa anaingia msituni, anafyeka vichaka vya chini, anaacha miti mikubwa isimame iwe mwavuli. Ukipita juu kwa ndege unaona msitu mzima. Ukiingia ndani unaona wazee watupu, hakuna mtoto hata mmoja; kila mche ulioinua kichwa umepaliliwa. Baada ya miaka kadhaa iliki inachoka, miti inapunguzwa, inafuata migomba, kisha muhogo. Hivyo msitu ulikuwa unaliwa polepole na watu ambao hawakujihesabu kuwa wakata miti kabisa.

Palipouma zaidi ni Derema, ukanda wa karibu hekta elfu moja unaounganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake. Kwa mtu wa viumbe, ukanda ule ni daraja; ukikatika, vinyonga na ndege wa upande huu hawatakutana tena na wa upande ule. Kwa zaidi ya wakulima elfu moja lilikuwa shamba la iliki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipaka ikapimwa, mashina ya mazao yakahesabiwa, watu wakaambiwa wasiingie tena, watalipwa. Fedha za wafadhili zilichukua miaka kufika. Mwenzake mjomba wa shimoni, yule aliyekuwa wa juu, alikuwa na shamba humo. Alikuwa anakwenda mpakani Jumapili, anasimama upande wa ruhusa, anatazama iliki yake ikiivia upande wa marufuku. Alipolipwa alinunua mabati na kumlipia mtoto ada, na fedha ikaisha, kama inavyoisha fedha. Ardhi ya kufidia iliyozungumzwa ilikuwa bondeni, kwenye lililokuwa shamba la mkonge. Iliki haioti kwenye joto la mkonge. Hata mtoto wa Muheza anajua hilo.

Huwa nabishana na rafiki zangu wa mazingira juu ya Derema. Wao wananiambia daraja limepona, na ni kweli, na mimi nalifurahia. Siwezi kusema ningetaka likatike. Lakini nauliza tena na tena kwa nini bili ya kinyonga ilipelekwa kwa mtu mwenye ekari mbili, wakati walioshusha mitambara kwa malori hawakupelekewa bili yoyote. Mjini tunakunywa maji ya msitu ule. Mto Zigi unaanzia kule, unajaza bwawa la Mabayani, unafika kwenye bomba langu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa kwa watu fedha za miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ikaorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam. Nilifurahi nikajisikia mwekezaji, ingawa sikununua hata moja. Maana yake maji ya mlima sasa yana bei inayoeleweka hata na watu wenye tai. Nikamuuliza mjomba kama wamesikia habari hiyo kijijini. Akaniuliza hatifungani ni nini, na nilipomweleza akaniuliza kama inafika mpaka juu.

Zipo juhudi, nisiwe mchoyo. Mbegu za msambu, mti wa asili wa kule, zina mafuta magumu kama siagi, na wanakijiji wamekuwa wakiziokota na kuziuza. Mti ukiwa umesimama unaleta kitu kila mwaka. Ni fedha ndogo, lakini mjomba amepanda msambu kumi na mmoja nyuma ya nyumba yake. Anaipogolea yeye mwenyewe na hataki kijana yeyote aishike.

Turudi kwenye mvule. Msitu wa Amani umefungwa, na unastahili kufungwa. Watu bado wanajenga. Mbao za kuezekea tunapata paini ya mashamba kama Sao Hill kule Mufindi, na hapo sina ugomvi; paini ilipandwa ikatwe kama mahindi yanavyopandwa yavunwe. Huwa naudhika magazeti yanapochanganya mambo haya mawili. Kenya, Februari 2018, William Ruto akiwa Naibu Rais alitangaza kusimamishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma. Julai 2023, akiwa Rais, akaondoa marufuku hiyo. Waliounga mkono na waliopinga wakapigana kwa neno moja tu, "miti," kana kwamba shamba la misonobari la miaka thelathini na msitu wa asili wa Mau ni kitu kimoja. Na katika miaka ile ya marufuku, mafundi wa Nairobi hawakuacha kutengeneza vitanda. Malori yalivuka mpaka kutoka kwetu, na mengine yalitoka Kongo yakipitia Uganda.

Ndivyo ilivyo na mlango wangu. Paini haimudu mchwa wa Tanga. Chuma kinaliwa na chumvi ya bahari. Mtu anataka mvule, mvule wa nyumbani umelindwa, basi anaangushwa mvule wa mtu mwingine, mahali ambapo hakuna Mfini wa kuja kuhesabu, na labda kuna mjomba wa mtu amesimama chini akila vumbi. Ningeweza kukataa. Nilikaa wiki mbili nikijiambia nitakataa, huku mlango umezibwa kwa turubai. Kisha nikaenda kutoa kishanzu.

Fundi aliifanya kazi vizuri. Mlango una paneli sita, bawaba za shaba, umepigwa vanishi mpaka unaona kivuli chako. Majirani walikuja kuugonga kwa vidole. Mwezi wa Ramadhani mjomba alishuka mjini kutibiwa macho, akafikia kwangu. Nilimsubirisha nje kidogo makusudi ili auone.

Hakuutazama. Aliupapasa. Alipitisha kiganja kutoka juu mpaka kizingitini, taratibu, kisha akarudi pembeni, upande wa bawaba, akasimamisha kidole gumba hapo. Akaukwaruza ukingo kwa ukucha.

"Njoo," akasema.

Chini ya vanishi kulikuwa na mstari mwembamba uliofifia, upana wa vidole viwili, fundi ameupaka rangi ya asali ufanane na mwenzake. Nilikuwa nimeufungua na kuufunga mlango ule kwa miezi mitano bila kuuona.

"Weupe huu ni wa nje ya mti, karibu na ganda," mjomba akasema. "Mchwa wataanzia hapa. Mvule mzima una moyo mpana, unatoa milango yote unayotaka na weupe unautupa. Wakifika mahali wanaingiza weupe mlangoni, ujue gogo lilikuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono, kiasi cha mtu anayebeba kuku. "Tulikuwa tukiuona wa namna hii tunaupita, tunasema tutaurudia."